Poti laini, poti ya tik-tik, swichi ya rezista au enkoda: ipi ufunge kwenye amplifaya yako

Juzi kuna mzee kaniletea amplifaya yake ya zamani, ile yenye mbao pembeni, voliumu inakwaruza mpaka spika zinakohoa. Nikafungua, nikakuta poti (kile kifaa kinachozungushwa na nobu) imelika njia ya kaboni, nikafunga mpya laini kabisa, sauti ikatulia. Mzee alivyokuja kuichukua akaizungusha kwenda, akaizungusha kurudi, akaniangalia. "Fundi, mbona haisemi?" Nikamwambia inasema mzee wangu, si unasikia muziki huo. "Ile tik-tik yake. Mimi nikirudi usiku nahesabu tisa tu, taarifa ya habari naisikia na wajukuu hawaamki, hata taa siwashi." Nikamwomba aniachie siku mbili tatu.

Hiyo siku ndo nimeona niandike hii, maana watu wengi wanauliza kama poti ya tik-tik ni bora kuliko laini, na jibu la dukani huwa ni "hiyo ya tik-tik ndo orijino", jibu ambalo halimsaidii mtu. Kuna vitu vinne tofauti kabisa ambavyo vyote ukivizungusha unaweza kusikia tiki au usisikie, na kwa nje vinafanana, shafti ileile, nobu ileile, ila ndani kila kimoja ni kitu chake.

Tuanze na poti yenyewe. Potenshiometa ina miguu mitatu, miwili ya pembeni imeshika ncha mbili za njia ya kaboni iliyopinda kama kiatu cha farasi, na mguu wa katikati umeshika mkono mdogo wa chuma unaoteleza juu ya hiyo njia. Sauti inaingia mguu mmoja wa pembeni, mwingine unaenda ethi (sifuri ya umeme, pasipo na sauti), na mkono unachota sauti kutokana na pale ulipo, ukiwa karibu na ethi unachota kidogo, ukiwa juu unachota yote. Mzunguko wote ni kama digrii 300. Ya stereo ni mbili zimepandana kwenye shafti moja, ndo maana ina miguu sita.

Sasa ile tik-tik inatoka wapi? Poti ya mzee ile ya zamani niliifungua nikaiangalia vizuri. Kati ya shingo ya shafti na njia ya kaboni kuna kisahani cha chuma chenye vijishimo kuzunguka pande zote, na springi bapa yenye kinundu kimoja ambacho kinadumbukia shimo moja, ukizungusha kinapanda, kinadumbukia lingine. Zingine badala ya kinundu wanaweka gololi ndogo. Kumepakwa grisi nzito ya rangi ya asali, na hiyo grisi ndo inafanya tiki isikike nene na tulivu badala ya kukereza kama kopo. Nikahesabu vituo, 41 toka mwanzo mpaka mwisho, yaani kila kituo ni kama digrii 7 na nusu kutoka mwenzake. Na hapo ndo ilipo siri yote, kile kisahani hakijagusana na njia ya sauti mahali popote. Njia ya kaboni chini yake inaendelea bila kukatika vilevile kama ya poti laini, ukiweka mita na ukaishikilia nobu kwa nguvu katikati ya tiki mbili utasoma ohm (kipimo cha ukinzani) za katikati bila shida. Tiki ya poti ni ya kidole, sauti yenyewe haiijui.

Ukishaelewa hilo maswali mengi yanajijibu. Kuna mtu aliniambia poti ya tik-tik inalinganisha kushoto na kulia vizuri zaidi kwasababu "imepimwa kila hatua". Hapana, haijapimwa. Zile njia mbili za kaboni zimechapwa kila moja kivyake, na kwenye poti za kawaida upande mmoja unaweza kuzidi mwingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3, hasa huku chini mwanzoni, ndo maana ukisikiliza kwa sauti ndogo usiku muziki unaegemea upande mmoja halafu ukiongeza unarudi katikati. Tiki haiondoi hilo. Inachofanya ni kukurudisha kwenye kosa lilelile kila siku, basi.

Na hatua zenyewe hazilingani kwa sikio. Hii ngoja niieleze kwa hesabu maana wengi hawaamini. Poti ya voliumu inakuwa ya logi, yaani inapanda taratibu mwanzoni na haraka mwishoni, kwasababu sikio letu linasikia kwa mtindo huo, ila viwandani mara nyingi hawachapi mstari wa logi wa kweli, wanachapa vipande viwili vya kaboni tofauti, nusu ya kwanza inapanda taratibu na nusu ya pili inapanda haraka. Ya mzee ilikuwa ya kilo-ohm 50, nilipoiweka katikati kabisa nikasoma 7.5K mpaka ethi, yani asilimia 15. Kwahiyo tiki 20 za kwanza zinagawana asilimia 15, kila moja 0.75. Tiki ya kwanza inakupa 0.75, hiyo ni desibeli 42 na nusu chini. Ya pili inakupa 1.5, desibeli 36 na nusu chini, umeruka desibeli 6 kwa tiki moja! Lakini kutoka ya kumi kwenda ya kumi na moja unapata kama 0.8 tu, kidole kimesikia hatua ileile, sikio halijasikia kitu. Halafu ukivuka katikati unaingia kipande cha pili, pale tiki moja inaruka zaidi ya desibeli 2 kwa mpigo. Ile tiki ya tisa ya mzee ni asilimia 6.75, desibeli 23 na kidogo chini. Kumbuka hiyo namba.

Je poti laini ndo bora kwa voliumu? Kwangu mimi kwa amplifaya ya sebuleni yenye poti, hapana, naipenda ya vituo 41, kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na usafi wa sauti. Ya kwanza ni kama ya mzee, mkono unakumbuka. Ya pili ni mtikisiko. Amplifaya iliyokaa juu ya sabwufa, au ndani ya gari linalopita barabara ya mashimo, nobu nyepesi inaweza kutembea yenyewe taratibu, au mtu anapita na nguo inaigusa, na tiki inaishikilia pale ulipoiacha. Ila kama unafanya kazi ya kufifisha sauti taratibu, mfano mtu wa mitambo kanisani anayeshusha kinanda mchungaji akianza kuongea, usimpe tik-tik hata siku moja, kila tiki itasikika kama ngazi, mpe laini yenye uzito kidogo. Na kama amplifaya ina rimoti inayozungusha nobu kwa mota, poti za hivyo kwa kawaida ni laini, mota ndogo na springi ya vituo hawaelewani, ukibadilisha tafuta ya aina ileile.

KITUO KIMOJA CHA KATIKATI

Hii ni familia nyingine na hapa ndo naona watu wanakosea sana kununua. Ni poti laini yenye kijishimo kimoja tu katikati, inakaa kwenye besi, trebo, balansi, pani ya mikisa (ya kusogeza sauti kushoto au kulia), na zile feda (nobu za kusukuma) za ekwalaiza. Kazi yake ni kukuambia "hapa hujaongeza wala hujapunguza". Saketi nyingi za besi na trebo zinafuata mtindo alioutoa Mwingereza Peter Baxandall mwaka 1952, ambapo poti ya linia (inayopanda sawasawa mwanzo mpaka mwisho) ikiwa katikati nusu mbili zinalingana na sauti inapita kama ilivyoingia.

Tatizo, katikati ya kidole sio lazima iwe katikati ya kaboni. Kijishimo kimetobolewa kwenye chuma, kaboni imechapwa kwenye bodi, vikikutana tofauti kidogo tu umekosa. Tuseme pale kwenye tiki poti inasoma 53 kwa 47 badala ya 50 kwa 50, besi inaweza kuwa imepanda au kushuka karibu desibeli 1 na wewe nobu inakwambia sifuri. Kwa muziki wa nyumbani hutojua. Kwa studio ni habari nyingine, ndo maana mikisa nzuri zina swichi ya kuitoa ekwalaiza yote nje ya njia, hawakiamini kijishimo peke yake.

Mfano wa hili unaojulikana sana ni mashine za santuri za Technics SL-1200MK2 za mwaka 1979. Ile feda ya kasi ina tiki pale sifuri, na taa ya kijani inawaka ukiwa hapo. Kwa mtu anayesikiliza nyumbani ni raha tupu, unajua uko kwenye kasi sahihi. Lakini madijei wanahitaji kusogea robo ya asilimia kushoto au kulia ya sifuri ili nyimbo mbili ziende pamoja, na pale pale ndo tiki inavuta feda irudi kwenye shimo. Kwenye MK3D ya mwaka 1997 tiki ikaondolewa, wakaweka kitufe cha kurudisha sifuri. Kituo cha katikati kinakusaidia ukitaka katikati, kinakukwaza ukitaka karibu na katikati, na kabla hujanunua jiulize wewe ni yupi kati ya hao.

Jambo moja la balansi, tafadhali. Poti za balansi nyingi zinaandikwa MN, na ndani yake nusu ya kila njia ni kama waya mtupu, haina ukinzani, ili ukiwa katikati kushoto na kulia vyote vipite kamili. Fundi akikosa MN anaweka B (linia) ya kawaida yenye tiki katikati, inaingia vizuri kabisa kwenye bodi, halafu mteja analalamika amplifaya imekuwa dhaifu. Ni kweli imekuwa dhaifu, B ikiwa katikati inapitisha nusu tu, desibeli 6 zimeenda pande zote mbili. Niliwahi kupokea mashine iliyopita kwa fundi mwingine, mwenye nayo alishabadilishiwa transista za mwisho na bado haina nguvu, shida yote ilikuwa hiyo poti.

SWICHI YA REZISTA

Hapa sasa tiki na umeme vimekuwa kitu kimoja. Hii sio poti, ni swichi ya kuzungusha yenye nafasi 24 mara nyingi, na kila nafasi ina rezista zake. Ukiwa kati ya nafasi mbili hakuna kitu cha kati, uko hapa au uko pale. Kwasababu wewe au kiwanda ndo mnachagua rezista, hatua zinaweza kulingana kweli kwa sikio, mfano desibeli 2 kila tiki, ukizidisha mara 23 unapata 46, inatosha kwa nyumba nyingi.

Mfano wa ngazi (kila nafasi na rezista zake mbili, moja juu moja chini) ya kilo-ohm 10: kushusha desibeli 6 unaweka 5K juu na 5K chini, kushusha 20 unaweka 9K juu na 1K chini, kushusha 40 ni 9.9K juu na ohm 100 chini. Ukitumia rezista za asilimia 1, kushoto na kulia hata kwa bahati mbaya kabisa havipishani nusu desibeli, na ukilinganisha na zile 2 au 3 za poti ya kaboni utaelewa kwanini watu wa masta studioni (wanaomalizia wimbo kabla haujatoka) hawataki kitu kingine. Wao pia wana sababu ya kumbukumbu, mteja akirudi baada ya mwezi anataka wimbo uleule uongezwe sauti ya mwimbaji kidogo, wanaandika "nafasi ya 14" na wanairudia nafasi ya 14 kamili, sio karibu yake. Ile priampu (kikuza sauti cha mwanzo) ya Neve 1073 nayo geni yake, yaani kiasi cha kukuza, ni swichi, hatua za desibeli 5.

Ubaya? Bei, kwanza. Ngazi kamili ya stereo inakula rezista zaidi ya 90 na kila moja unailehemu kwa mkono au unamlipa mtu. Ya rezista za mfululizo (zimepangwa foleni moja, swichi inachota katikati yake) inakula kama nusu ya hizo na kwa masikio yangu sijaona sababu ya kulipia zaidi. Pili, hatua. Desibeli 2 zinakera usiku, tiki moja ndogo sana, ya pili kubwa sana, na katikati hakuna. Tatu, na hii ni ya usalama wa spika zako, uliza kama swichi inashika nafasi mpya kabla ya kuachia ya zamani. Ikiwa inaachia kwanza, kuna muda mfupi haijashika kitu, utasikia "pu" kila tiki, na kwenye ule mtindo wa rezista moja isiyobadilika juu na za kubadilisha kwenda ethi, pale inapoachia hakuna kinachovuta sauti chini kwahiyo voliumu inaruka mpaka juu kabisa kwa sekunde kidogo. Twita hazipendi hiyo. Kama muuzaji hajui, weka mita ya mlio kati ya mguu wa katikati na nafasi mbili zilizofuatana ulizoziunganisha, zungusha polepole, mlio ukikatika njiani iache.

ENKODA

Redio nyingi za gari, homthieta, spika za bluetooth, hakuna poti kabisa. Kuna kitu chenye miguu mitatu ambacho mtu mgeni anadhani ni poti, ila kinazunguka bila mwisho. Ndani kuna mikono miwili inayogusa meno ya chuma, mmoja umetangulia mwenzake robo ya hatua, na IC inaangalia nani kagusa kwanza ndo inajua unaongeza au unapunguza. Sauti haipiti hapo, kinachopita ni hesabu tu, tiki moja, tiki mbili. Mara nyingi ni vituo 20 au 24 kwa mzunguko. Sauti yenyewe inapunguzwa na IC nyingine, kama PGA2311 ambayo hatua zake ni nusu desibeli, na kushoto kwa kulia inalingana vizuri sana kuliko poti yoyote ya kaboni.

Ugonjwa wake mnaujua wote. Unapunguza sauti, inapanda. Unazungusha tiki tano, inaenda mbili, inarudi moja. Ni meno yamechafuka au yamelika, IC inahesabu vibaya nani katangulia. Dawa ya muda ni kupulizia kisafishio cha kontakti na kuzungusha mara nyingi, dawa ya kweli ni kubadilisha enkoda, ni spea ya bei ndogo ila hesabu vituo vyake kwanza na pima urefu wa shafti. Usijaribu kuweka poti pale. Na mzee wangu asingeweza kutumia enkoda, hakuna mwanzo wa kuhesabia, lazima uangalie namba kwenye kioo, na kioo kinawaka.

Nikiwa hapo kwenye kupulizia, poti za tik-tik zina hatari yake, ukijaza kisafishio kwa kupitia shingo ya shafti unaosha ile grisi ya kisahani, tiki inakuwa kavu na nyepesi na chuma kinaanza kulika. Pulizia kwa kitundu cha nyuma karibu na miguu, kidogo. Na kabla ya kulaumu poti kwa kukwaruza pima volti za DC kwenye miguu yake, ukikuta hata sehemu ya volti pale panapotakiwa kuwa sifuri basi kapasita ya kabla yake inavuja, utabadilisha poti tatu na zote zitakwaruza.

Dukani sasa, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi, utakayopewa kwanza ni B50K. Herufi B kwa poti za Asia ni linia, A ni logi, lakini kwenye vifaa vya zamani vya Ulaya unaweza kukuta A ndo linia, kwahiyo pima: katikati ikisoma nusu kwa nusu ni linia. Linia kwenye voliumu inafanya sauti yote iishie robo ya kwanza ya mzunguko, tiki kama kumi tu na nyumba inatetemeka. Ukikosa kabisa A, chukua hiyo B50K na ulehemu rezista ya 6.8K kati ya mguu wa katikati na wa ethi, kila upande yake, katikati itashuka mpaka desibeli 15 chini, karibu kabisa na logi ya dukani.

Nikipewa nichague bila kuulizwa sana: amplifaya ya nyumbani, A yenye vituo 41. Mikisa ya kwaya, laini kwenye sauti na kituo kimoja kwenye pani na toni. Priampu ya mtu anayesikiliza kwa makini, mwenye spika nzuri na hela ya kutosha, swichi ya rezista yenye hatua za desibeli 1 huku chini na 2 huku juu. Kifaa chenye rimoti na kioo, enkoda.

Ya mzee niliipata kwenye bodi ya amplifaya iliyokufa, 50K, logi, vituo 41, grisi bado ipo. Nikapima katikati ikasoma 5K, yani asilimia 10 sio 15, kila tiki ya chini inabeba nusu asilimia tu. Nikapiga hesabu kwenye karatasi, nikamwita, nikamwambia mzee wangu tik-tik yako hii hapa, ila usihesabu tisa tena, tisa itakuwa ndogo hutosikia. Akakaa, akafumba macho, akazungusha polepole huku redio ikiongea, akasimama ilipomkaa vizuri. Kumi na tatu.